Klarineti ya Mwenzangu

Mwenzangu alikuwa mtu wa Muleba, mimi wa Ijuganyondo. Miaka ile baada ya Uhuru tulipiga bendi moja ya dansi mjini Bukoba, tukisimama bega kwa bega ukumbini Miembeni: mimi na saksafoni, yeye na klarineti. Mimi nilifundishwa noti kanisani, kwenye tarumbeta. Yeye alijifunza kwa sikio tu. Alikuwa na namna yake ya kumaliza wimbo. Sauti ya mwisho hakuikata. Aliiachia iteleze chini taratibu, kama mtu aliyechoka anapoketi. Niliiga mpaka midomo ikavimba, sikuiweza. Alicheka tu.

Homa ilimchukua wakati wa masika. Tulimzika kwao, ndani ya kibanja, shamba la nyumbani, migomba ikitudondoshea maji. Matanga yalipokwisha mama yake aliniita ndani, akaketi kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, akanikabidhi klarineti ikiwa imefungwa kwa kanga.

"Ichukue, mwanangu. Hapa ndani inanitazama."

Nikawa napiga vyote viwili. Watu walicheza kama zamani, ila mimi kila nikipanda jukwaani nilijikuta nimesogea kando kumwachia nafasi yake. Hakuna aliyenicheka. Hata mpiga gitaa, ambaye hakuogopa kitu, hakusimama pale.

Kisha vikaja vijiji vya ujamaa. Bendi yetu iliitwa Muleba kutumbuiza kwenye ufunguzi wa kijiji kipya. Mchana, tukiwa bado tunapanga vyombo, mwenyekiti wa kijiji alinivuta pembeni. Alisema yuko mama mmoja amekataa kuhama; majirani wote wameondoka, yeye amebaki na kaburi la mwanawe.

"Nasikia wewe anakusikiliza," alisema. "Nenda ukaseme naye, kabla hawajaja wasiojua kuomba."

Nilikwenda peke yangu, klarineti kwapani. Njiani nyumba zilikuwa zimeng'olewa milango, na ndizi ziliivia migombani bila mtu wa kuzikata. Nilimkuta anang'oa magugu kaburini kwa mikono.

"Kasinge, mama," nilimsalimu.

"Kasinge, mwanangu. Wamekutuma."

Sikukana.

"Nikienda, atasema na nani? Kila jioni huniuliza mwenzake yuko wapi."

"Nimekuja," nilisema.

"Basi mpigie."

Nilipiga wimbo tuliokuwa tukifungia dansi. Vidole vilikuwa vya baridi, na mara mbili nilikosea. Nilipofika mwisho niliikata sauti kama kawaida yangu, nikaitoa klarineti mdomoni.

Sauti haikukatika. Ilibaki kule migombani, ikateleza chini taratibu, ikaisha.

Niligeuka. Hapakuwa na upepo. Majani ya migomba yalining'inia bila kutikisika. Mama alikuwa amefumba macho.

"Mama, umesikia?"

"Kwani siku zote hizi wewe ulikuwa humsikii?"

Akainuka, akachukua jembe, akachimba chipukizi la mgomba lililoota ubavuni mwa kaburi. Alinitwika begani, mwenyewe akabeba chungu na mkeka. "Sasa mmeonana," alisema. "Twende."

Alilipanda mbele ya nyumba yake mpya. Lakini kila asubuhi alirudi kwa miguu kupalilia kwa mwanawe, na mwenyekiti alijifanya hamwoni. Watu walipoanza kurudi vibanjani mwao, yeye alikuwa wa kwanza. Mimi klarineti niliiweka juu ya dari, nikabaki na saksafoni.

Miaka mingi baadaye nilienda kumzika yule mama karibu na mwanawe. Majirani waliniomba nipige kidogo. Nilipigia barabarani, mbali na migomba, na mara tu nilipoikata sauti ya mwisho nilianza kuongea kwa sauti kubwa na mtu aliyesimama kando yangu, habari za mvua, habari za kahawa, chochote kile, mpaka akanishika mkono akiniuliza kama ninaumwa.