Daftari la Fundi Osea

Kabla hajagusa kompyuta yoyote, Osea aliangalia saa ya mkononi, kisha saa iliyoko kwenye kona ya kioo, akaziandika zote mbili kwa penseli katika daftari la shule lenye jalada la bluu. Kama kioo kilionyesha kosa lolote, alilinakili neno kwa neno, hata kama ni lile lile la jana. Ndipo alipovuta kiti. Kwa miaka sita sikumwona akiiruka hatua hiyo, hata siku ambazo madereva wa malori walikuwa wakigonga dirisha la ofisi yetu kwa hasira.

"Fundi, wewe ni wa kompyuta au wa saa?" Clever, meneja wetu, alipenda kumtania.

"Wa vyote, bosi. Mashine ikidanganya saa, itadanganya na mengine."

Alizaliwa Mbebe, kule milimani Ileje, akasomea cheti cha kompyuta Mbeya, akaja Tunduma na begi moja la bisibisi. Hakuwa mwajiriwa wetu. Ofisi saba za uwakala wa forodha, yetu ikiwemo, zilimwachia funguo na pasiwedi zao kwa sababu moja tu: Osea hapotezi faili la mtu. Fundi wa namna yake hana cheo. Ana jina, basi.

Jumapili moja ya mwezi Machi umeme ulikatika na seva yetu ikazima. Betri ndogo inayoishikia saa yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo Clever alipoiwasha aliiwekea saa kwa kutazama simu yake. Sisi wa Tunduma tunazijua simu zetu. Ukikaa upande unaotazama Nakonde, ng'ambo ya mpaka, simu hudaka mtandao wa Zambia na kurudi nyuma saa nzima, maana wenzetu saa yao iko nyuma ya yetu. Clever hakukumbuka hilo.

Jumanne Osea akaja kutuwekea toleo jipya la programu ya hati. Akaandika: mkononi saa mbili na dakika tano, seva saa moja na dakika tano.

"Bosi, seva yako imehamia Zambia."

Tulicheka wote. "Iache ishinde huko huko," Clever alisema. "Weka programu kwanza."

Osea alinakili mafaili yote kwenye diski yake ya pembeni, kisha akaweka programu kwenye seva na kwenye kompyuta nne za mezani. Ya kwangu iligoma kuiona seva. Alifuata waya kwa vidole mpaka ukutani, akakuta kichwa chake kimelegea, akakibana. Saa nne na nusu alimaliza, akaenda madukani kutafuta betri.

Saa tano na dakika tano Clever aliingia chumba cha seva na flashi mkononi. Mlango wa chumba hicho uko mbele ya meza yangu. Alikaa humo robo saa, akatoka akipiga mluzi. Punde si punde hati za malori za mwezi mzima zikawa hazionekani.

Osea aliitwa, akarudi mbio na betri mfukoni. Alizisoma saa zote mbili, akaandika, akakaa. Kufikia saa tisa alikuwa amerudisha kila faili kutoka kwenye ile nakala. Hakuna lori lililolala mpakani kwa ajili yetu. Mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani atashukuriwa.

Alhamisi Mzee Ndalahwa, mwenye kampuni, alituita. Rekodi za seva zilionyesha mafaili yalifutwa saa nne na dakika kumi.

"Saa hiyo wewe ndiye uliyekuwa umekaa mle," Clever alimwambia Osea.

Osea alifungua daftari. "Mzee, hiyo ni saa ya Zambia. Kwetu ilikuwa saa tano na dakika kumi. Mimi nilikuwa madukani."

"Daftari si umeandika mwenyewe?" Clever alidakia. " Hata mimi naweza kuandika kwamba jana nilikunywa chai Lusaka."

Mzee alinigeukia. "Ferista, wewe unakaa mlangoni. Nani aliingia baada ya fundi kutoka?"

"Nilikuwa nachapa, mzee. Sikuangalia."

Nina diploma. Nina miaka arobaini na mitatu. Nilijibu kama mtoto aliyevunja chungu, huku Clever akiwa amekaa kando yangu. Osea alinitazama mara moja tu, akaweka funguo zetu mezani.

Kufikia wiki iliyofuata ofisi nne nyingine zilikuwa zimedai funguo zao. "Yule anayefuta mafaili ya watu," walisema, watu wale wale aliowafufulia mashine zao. Wakala mmoja, ambaye Osea alimwondolea virusi kwenye kompyuta tisa wiki nzima ya Pasaka, alimtuma mlinzi akamchukulie funguo. Yeye mwenyewe hakuthubutu kuja. Na hakuna hata mmoja, katika mji mzima ambao simu zake huruka saa kila siku, aliyejisumbua kuhesabu.

Nilikwenda kwa Mzee Ndalahwa peke yangu, nikamwambia nilichokiona. Hakuweka hata kikombe chini.

"Najua, mama. Mimi nami nina simu. Lakini Clever ni shemeji yangu. Mafundi wamejaa Tunduma."

"Na jina lake, mzee?"

"Atatengeneza jingine, huko Vwawa au Chitete."

Kana kwamba jina ni programu: unaifuta, unaiweka upya, unaendelea. Niliondoka bila kuaga.

Nilimkuta Osea kibandani kwake akifunga waya kwa mipira. Ilibaki mashine moja tu mezani. Nilimweleza yote: Clever na flashi, maneno ya mzee, na woga wangu. Osea aliangalia saa ya mkononi, akaangalia kona ya kioo, akaandika zote mbili. Chini yake aliacha mistari mitupu. Akanigeuzia daftari na kunipa penseli.

"Andika ulichokiona, kwa mkono wako, dada Ferista. Mwandiko wangu wameshaukataa."