Pikipiki ya Mkunga

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka kuikumbuka. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nami nilikuwa fundi pikipiki pale Nyegezi, kando ya ziwa, kijana mwenye ovaroli moja na maneno ya kuwatosha watu watano. Nilijulikana kwa mambo mawili. Kwanza, kwenye kupatana bei hungeniweza, hata ungekuja na mashahidi. Pili, nilihesabu kila kitu mara mbili. Nikifungua injini nahesabu vipande vikitoka, nahesabu vikirudi. Hesabu zikilingana, nafuta mikono na kujiona nimemaliza kazi.

Wiki hiyo mkunga wa zahanati aliniletea pikipiki ya kazi. Tulimwita Mama Koku, Mhaya mrefu asiye na maneno mengi, aliyevaa koti la mvua hata kiangazi ili vumbi lisiguse gauni lake jeupe. Pikipiki ilikuwa nzima, ila kabureta ilidondosha petroli, na petroli enzi zile ilitoka kwa kibali, huwezi kuiacha ardhi inywe. Dawa yake ilikuwa ndogo: kufungua kibakuli cha chini, kutoa uchafu, kufunga. Robo saa. Lakini mimi niliona robo saa haina heshima. Nikaifumua kabureta yote, hadi ile sindano ndefu inayopanda na kushuka dereva akivuta mafuta, ambayo haikuwa imemkosea mtu.

Sindano ile ina mikato mitano shingoni, na kibanio kidogo kama ukucha wa kifaranga hukaa kwenye mkato mmoja tu. Ukikihamisha, injini inapata petroli pungufu au ya kuzidi. Nilipokuwa naiosha, kibanio kikaruka, kikaingia mchangani. Nilipiga magoti nikakitafuta hadi nikakipata. Nikahesabu: vipande kumi na saba. Nikarudia: kumi na saba. Ila kilikuwa kimekaa mkato upi kabla hakijaruka, hilo sikuwa nimeliangalia. Nikakibana kwenye mkato wa juu kabisa, kwa sababu ndio uliokuwa karibu na vidole vyangu, na sikumwambia mtu. Pikipiki ikawaka, ikanguruma vizuri tu pale uani.

Kesho yake mchana akaja mtu kwa baiskeli kutoka kijiji kimoja mbele ya Buhongwa, shati limemganda mgongoni. Mke wa kaka yake alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Mama Koku akafunga mkoba wake, akaja gereji. Alijua kuendesha, lakini siku hiyo alikuwa na chupa za dawa za kushika mapajani, kwa hiyo akaniambia nimpeleke. Yule wa baiskeli tukamwacha anakunywa maji.

Hatukufika mbali. Kwenye mwinuko wa kwanza pikipiki ikaanza kukohoa. Nikienda polepole inakwenda. Nikivuta mafuta inashtuka, inapiga chafya, inazimika. Nikivuta choki, ya kuongezea injini petroli, inafufuka, halafu inakufa tena. Fundi yeyote angeelewa: injini ina njaa ya petroli, na njaa hiyo imeanza baada ya mkono wangu.

Nikasema, "Mama, petroli hii mbaya. Wanachanganya na mafuta ya taa."

"Ndiyo hiyohiyo iliyokuwa tangini juzi," akasema. "Ilinipeleka Buhongwa na kunirudisha."

Nikafungua plagi. Ilikuwa nyeupe kama chaki, ishara nyingine ya njaa. Nikaipangusa, nikasema plagi imezeeka. Tukaenda kidogo, ikazimika. Nikasema ni waya. Tukasukuma, ikawaka, ikazimika. Nikasema ni jua. Nilikuwa nashusha kosa langu kidogokidogo kama mtu anayepatana bei, nikitumaini mwenye mali atachoka kabla yangu.

Hapo ndipo yule mtu wa baiskeli alipotufikia. Akapunguza mwendo.

"Fundi, nikufunge kamba nikuvute?"

"Nenda zako, tunakuja."

"Nimeona mnavyokuja." Hakucheka. Akamgeukia Mama Koku. "Mama, nikawaambieje nyumbani?"

Mama Koku aliitazama ile baiskeli. Haikuwa na keria, la sivyo angepanda. "Waambie, mtu yeyote asimvute mtoto. Wanisubiri."

Akakanyaga, akapotea kwenye kona ya mawe. Mama Koku akashuka, akaweka mkoba juu ya jiwe, akavua koti lake.

"Maige, kaa chini."

"Mama, tunachelewa."

"Tumeshachelewa. Kaa."

Nikakaa.

"Mimi nikizalisha mama, siku ya tatu akashikwa na homa, siulizi kwanza amekula nini, wala maji kayachota wapi. Naanza na mikono yangu. Niligusa nini, nikakirudisha wapi. Nikishamaliza yangu ndipo naangalia ya wengine. Sasa wewe. Jana uligusa nini?"

"Kabureta."

"Yote?"

"Yote. Lakini nilihesabu, Mama. Kumi na saba, mara mbili."

"Sikukuuliza vingapi. Nakuuliza ni kipi kilichokutia wasiwasi."

Nikamwambia habari ya kibanio. Ilinichukua maneno machache sana, mwanangu, machache kuliko yale niliyoyatumia kuisingizia petroli.

"Ulijua tangu ilipozimika mara ya kwanza?"

"Nilijua."

Hakunifokea. Alitandaza koti lake chini ya kabureta, kibanio kisirukie mchangani tena. "Fungua."

Nikafungua kifuniko cha juu, nikaitoa sindano. Mkato wa tatu ulikuwa unang'aa, umesuguliwa na kibanio miaka yote kiliyokaa pale. Ningeuona jana kama ningeangalia badala ya kuhesabu. Nikakihamisha, nikafunga. Kazi yote haikufika dakika kumi. Pikipiki ilipanda ule mwinuko kama vile haijawahi kuumwa.

Tulipofika, wanawake walikuwa wamekaa chini, wameegemea ukuta. Mama Koku akaingia ndani. Mimi nikabaki nje na yule wa baiskeli. Hata alipotoka, jua lilikuwa limeshashuka upande wa ziwani. Mama mtu alikuwa hai. Mtoto, wa kike, hakulia.

Njiani nilishindwa kuvumilia. "Mama, kama tungefika mapema?"

"Sijui," akasema nyuma yangu. "Huenda angelia, huenda asingelia. Siwezi kukuongezea mzigo wala kukupunguzia. Ila ile nusu saa ilikuwa ya yule mama, nawe ukaitumia kulinda jina lako."

Wiki iliyofuata nilirudi kijijini kwa miguu, nikamsimulia baba wa yule mtoto kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaniletea maji ya kunywa. Afadhali angenipiga.

Kwa hiyo, mwanangu, kitu kilichokuwa kizima kikianza kusumbua baada ya wewe kukigusa, anza na mkono wako. Acha petroli, acha jua, acha watu. Usifungue kisicho na kosa ili uonekane fundi. Kabla hujakitoa kipande, kitazame kilivyokaa, kwa maana hesabu itakuambia vimerudi vyote, haitakuambia vimerudi mahali pake. Na ukikumbuka ulipokosea, sema hapohapo, wakati kosa bado linatengenezeka kwa bisibisi. Aibu yake ni ya dakika moja. Mimi niliikwepa dakika hiyo, na mpaka leo, uzee huu, nikisikia pikipiki inakohoa barabarani nasimama kwanza.

Mungu aibariki mikono yako, akupe macho ya kuona kabla ya kugusa na ulimi mwepesi wa kukiri. Na wote watakaokukabidhi safari zao, wafike.