Shangazi Alipomuulizia Kalunguyeye

Shangazi yangu, dada yake baba, haji Makorora bila sababu. Akija, ama kuna msiba, ama kuna kitu anakitaka. Kwa hiyo mwaka huu alipobisha hodi, masika yakinukia, na kikapu cha mbegu za mahindi mkononi, nilimpa shikamoo yake na chai, lakini nilikaa chonjo.

Hakumaliza hata kikombe. "Nasikia umefuga kalunguyeye."

Nani kamwambia? Kweli ninaye. Alijiingilia mwenyewe jikoni, kinyama kidogo cha miiba, akamaliza mende wote, akafanya makao nyuma ya gunia la mkaa. Wanangu wote wana nyumba zao, kwangu kimya, nikaanza kumsemesha. Majirani wanacheka. Wacheke!

"Yupo," nikasema. "Wamtakia nini?"

"Aa, nauliza tu."

Nauliza tu! Mimi nimekulia Kigombe, kwa bibi, mama yake shangazi, mtu asinifanye mtoto. Bibi alikuwa na ngozi kavu ya kalunguyeye, akiitandaza juu ya mbegu kabla ya kupanda ili shamba lizae. Bibi alipofariki ngozi ikaenda kwa shangazi, na mchwa wakaila. Tangu hapo mahindi yake yamekauka misimu miwili, yangali machanga. Nilimwonea huruma, wallahi, lakini kalunguyeye wangu simtoi ng'o.

Usiku, shangazi akiwa amelala chumbani, nikamfunika kalunguyeye kwa tenga, jiwe juu, nikatandika mkeka na kulala hapo hapo jikoni. Alfajiri nilitoka kwenda kutawadha. Kurudi, tenga limelala ubavu, shangazi hayupo, kikapu hakipo.

Nilipiga simu asubuhi nzima, hata akapokea. Sikusalimia.

"Umemchuna?"

"Kisu nilikuwa nacho, sikufichi. Nikamweka juu ya mbegu, akajikunja. Nikangoja ajikunjue nimshike vizuri. Akatoa kapua kake, akaanza kunusanusa mkono wangu. Basi, kisu nimekirudisha jikoni. Hebu niambie, anakula nini huyu? Ugali hataki."

Maneno matamu hayo. Na mtu aliyeiba alfajiri atashindwa kutunga?

"Siamini," nikasema. "Mweke karibu na simu nimsikie."

Nikasikia kikapu kikiburutwa, kuku wakifukuzwa, halafu fuu, fuu, ile pumzi yake ya kununa anayonipulizia kila nikifagia karibu yake. Nikakaa juu ya mkeka, nikalia kwa sauti.

Shangazi aliniacha nilie.

"Mpe mende," nikasema mwishowe. "Na mchwa, kama wapo."

"Mchwa ninao tele. Mbegu nitazipanda hivyo hivyo, zisipozaa nitakuja kula kwako." Akakohoa. "Na weye, tangu nimepokea simu hii, umeuliza hali ya mnyama tu. Hata shikamoo hukunipa."