Avenu Iliyofuata Nyota ya Jioni

Mwaka wangu wa kwanza chuoni, profesa mmoja alitufundisha kwamba watu wa kale walipanga miji yao kwa kufuata jua na nyota. Wenzangu waliandika. Mimi nikanyoosha mkono, nikauliza: na siku za mawingu walifanya nini? Ukumbi mzima ulicheka, na kuanzia siku ile nikaitwa Mawingu. Sikumweleza mtu sababu ya swali langu. Nimekulia Bunia, katika avenu, barabara ya mtaa wetu, iliyochorwa kwa nyota, na ninajua ilivyotoka. Imepinda kama mundu.

Tuliporudi mjini baada ya vita nilikuwa bado mtoto mdogo. Mawe ya mipaka yalikuwa yameng'olewa, nyumba zimeungua, majani yamempita baba urefu. Familia zilirudi moja moja, za kwanza karibu na Noeli, nyingine karibu na Pasaka, ya mwisho kabisa miezi baadaye, na kila moja ilitafuta mahali kiwanja chake kilipokuwa. Ofisi ya kupima ardhi ilikuwa imefungwa. Familia ya kwanza, ile iliyo karibu na barabara kubwa, ilikumbuka kwamba zamani avenu ilielekea magharibi, upande wa Mambasa. Jioni ile nyota kubwa ilikuwa kule kule, mwisho wa macho. Wakavuta kamba kuielekea. Waliofuata waliambiwa hivyo hivyo: elekeeni nyota ya jioni. Agizo likapita kutoka mdomo hadi mdomo, kila mtu akilitii kwa moyo safi.

Ninaikumbuka jioni yetu. Mchana wote wazazi wangu walikuwa wamefyatua matofali, na udongo ulikuwa umekauka kwenye mikono ya mama hadi kwenye viwiko. Nilikalishwa juu ya bidoni ya maji. Baba alipiga goti nyuma ya kijiti cha kwanza, akafumba jicho moja. Mama alisimama mbele na kijiti cha pili.

"Kuume kidogo," baba alisema. "Hapana, umeenda sana. Rudi. Mama, rudi!"

"Mimi ni gari, ya kurudi nyuma hivi?"

"Simama! Usipumue."

"Nisipumue? Nani atakupikia sombe?"

Baba alicheka mpaka jicho lake likafunguka, na ikabidi waanze tena. Mji wote ulikuwa giza. Hakukuwa na taa, hakukuwa na jenereta, na nyota ile ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilidhani ni mtu amewasha koroboi juu ya mti wa mbali. Mwishowe ikatulia sawasawa juu ya kijiti cha mama. Baba akapiga kijiti kwa jiwe. Baadaye, kwenye mstari ule, akapanda uzio, na mama akajenga jiko lake la nje likiwa limeegemea uzio. Miaka yote ya utoto wangu tulikula hapo, kwenye kibaraza cha jiko, na baba alipofariki, kiti chake kilibaki hapo.

Mwaka jana mji uliamua kuleta taa za jua katika avenu yetu, kama zile za bulvari ya katikati ya mji. Taa zinataka mstari ulionyooka. Mpima ardhi akaja na vijana wake na chombo cha miguu mitatu, akatazama, akapaka msalaba mwekundu kwenye ukuta wa jiko la mama. Kiwanja chetu, alisema, kimeingia ndani ya avenu.

Jirani wa mbele yetu alikuwa amesimama akitazama. Ni seremala aliyetoka Butembo, mtu wa maneno mengi, na tangu nikiwa mtoto aliniambia jambo lile lile kila nilipopita, kwa sauti ya mzaha ambayo haikuwa mzaha kabisa. Sasa alilisema mbele ya watu, akikinyooshea kidole kiti cha baba.

"Si nilisemaka? Muzee alikulaka avenu. Alinisukuma mimi mpaka kwenye choo yangu!"

Watu walicheka. Mama hakucheka. Alichukua kiti cha baba, akakiingiza ndani ya nyumba.

Jioni ile nilimkuta amekaa bila kuwasha moto. Nikamwambia nitaenda kuongea na ofisi, nitaomba wasogeze mstari, angalau jiko lipone. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyesema jambo la kitoto.

"Jiko nitajenga ingine. Matofali iko. Lakini jina ya baba yako nitaijenga na nini? Weye ulisoma. Niambie kweli: aliiba, ao hakuiba?"

Mtu mwingine angemjibu upesi kwamba hakuiba. Mimi sikuweza, na yeye alijua kwamba sitaweza. Tabia yangu hii ya kuuliza kila kitu iliwahi kumfukuza padri nyumbani kwetu. Uzio ulikuwa ndani ya avenu. Hilo lilionekana kwa macho. Na baba alikuwa mtu kama watu wengine. Nilimpenda, lakini kumpenda mtu si kipimo.

Nikaanza na nyota. Katika simu yangu nina programu inayoonyesha anga la siku yoyote unayoitaka. Mwaka tuliorudi ninaujua kwa sababu ndio mwaka aliozaliwa mdogo wangu. Nikarudisha anga la Bunia mpaka Noeli ile, saa ya jua kuzama. Nyota ya jioni, ambayo kwa kweli si nyota bali sayari, Zuhura, ilikuwa kushoto kwa magharibi. Nikasogeza siku mbele. Ilianza kutembea. Jioni baada ya jioni ilizama kuume zaidi, ikavuka magharibi yenyewe, na kufikia Pasaka ilikuwa imekwenda mbali sana upande wa kaskazini. Nilikaa na simu mkononi, nikiipeleka mbele na nyuma, kama mtoto anayechezea mlango.

Kwa hiyo wote walifuata agizo moja, lakini alama yenyewe ilikuwa inahama.

Halafu nikajitilia shaka. Nilitaka iwe kweli, na jambo unalolitaka linapaswa kuulizwa mara mbili. Kama baba aliiba, uzio wake peke yake ndio ungepinda. Kesho yake nikamwomba mama aniambie nani alirudi baada ya nani. Alikumbuka bila kusita, kwa ndoa na misiba na mvua. Nikatembea avenu nzima na dira ya simu, nikipima uzio baada ya uzio, mbwa wakinifuata na watoto wakiniuliza kama nimepoteza kuku. Isipokuwa seremala, ambaye uzio wake ulilingana na wetu, kila familia iliyochelewa kurudi, uzio wake ulielekea kuume zaidi. Walikuwamo hata wale ambao mpindo ule uliwanyima ardhi; walijikata wenyewe. Na mwisho kabisa, pale avenu inapogeuka kuwa njia ya miguu kati ya mihogo, ni mahali pa familia iliyorudi baada ya nyota kupotea kwenye mwanga wa jua. Hawakuwa na kitu cha kuelekea.

Nilisimama pale kwenye mihogo, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilimwona baba waziwazi: jicho moja limefumbwa, ulimi umetoka kidogo kwa umakini. Hajui kwamba nyota yake inatembea. Anamwambia mke wake asipumue.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akinizungusha kwa maswali kama mimi ninavyozungusha wengine. Halafu akasema, "Sasa usiniambie mimi. Mimi nililala naye miaka yote. Enda umuambie ule wa mbele."

Seremala alikuwa akipiga randa. Nilimwonyesha simu, nikaitembeza nyota mbele ya macho yake. Aliitazama kwa dharau kwanza, akasema, "Hii ni sinema." Nikamwuliza alipanga uzio wake kwa kufuata nini.

"Mimi nilichelewaka. Nilifwata uzio ya baba yako, nikaacha nafasi ya gari mbili kupishana. Yeye alipoingia, mimi nikarudi nyuma mpaka kwenye choo."

"Na yeye alifuata nyota, Papa. Pale ilipokuwa jioni ile."

Aliichukua simu kwa mikono yake yenye vumbi la mbao. Akarudisha anga nyuma mwenyewe, akalipeleka mbele tena.

"Hata choo yangu," alisema mwishowe, "iliharibiwa na nyota."

Jiko lilivunjwa Jumamosi. Ofisi haikusogeza mstari, na kusema kweli, kama ningekuwa mimi mpima ardhi nisingeusogeza pia. Gari la wagonjwa linahitaji kupita. Majirani walikuja kusaidia kuokoa matofali. Seremala alileta mkokoteni wake, akafungua bati la mama msumari kwa msumari ili lisitoboke tena. Watu wawili waliopita wakamtania: leo Muzee anatapika avenu.

"Nyamazeni," seremala alisema bila kuinua kichwa. "Muzee hakukulaka kitu. Ni nyota ilihama, na siye wote tukaifwata kama kondoo."

Mama alikuwa ameinamia sufuria kwenye moto wa mawe matatu, hatua chache tu kutoka pale. Alisikia vizuri, niliona mwiko ukisimama.

"Papa," aliita, "ulisema nini? Moshi inaingia mu masikio yangu."

Seremala alimtazama, akaelewa. Akaweka nyundo chini, akavuta pumzi, akarudia maneno yale yale kwa sauti iliyofika mpaka barabara kubwa. Mama aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukoroga. Bugali ulipoiva, alikitoa kiti cha baba nje ya nyumba, akakiweka palipobaki pa kibaraza, akamwambia seremala akae, ale.