Shati la Papa na Sabuni ya Mawese

Mawese yakipashwa moto sana hutoa harufu mbili. Ya kwanza ni tamu, ya jikoni, inayomfanya mtoto aulize kama leo kuna sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Ya pili huja mafuta yanapoanza kufuka moshi na kupoteza wekundu wake, na hiyo hukaa kooni, hukaa kwenye mapazia, kwenye nywele, hadi kwenye madaftari ya shule. Mimi nimekulia ndani ya harufu hiyo ya pili, uani kwetu Birere, mtaa wa mji wa Goma, msimu mmoja wa mvua ambapo mama yangu alianza kutupikia sabuni. Siku hizi nawaona watu kwenye simu wakifundishana kutengeneza sabuni ya nyumbani ili kubana matumizi. Wamevaa glavu, wanacheka, wanatia na maua juu. Hongera zao. Kwetu hakuna aliyecheka, maana kwetu sabuni ilipikwa kwa sababu Papa alikuwa hajarudi.

Papa alikuwa dereva wa lori. Alipanda hadi Bunagana, mpakani na Uganda, kupakia unga, mafuta ya kula na sabuni, kisha akateremka navyo Goma kwa matajiri wa sokoni. Kila safari alituletea katoni nzima ya sabuni ya miche, kwa hiyo Mama, tangu aolewe, hakujua sabuni inauzwaje dukani. Majirani walimtania: "Mama Zaina, weye hata mbuzi unaiogesha na sabuni!" Zaina ndiye mimi. Mama alicheka na kuwakatia kipande, kwa maana hakuwa mchoyo. Halafu asubuhi moja Papa akabadili shati akiwa mlangoni, kwa sababu lile alilovaa lilikuwa na doa la mazutu, mafuta ya dizeli, kifuani, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akanifinya shavu na kusema nisimalize ndizi zote kabla hajarudi. Tukasikia lori likikohoa mpaka kwenye kona, kisha likanyamaza.

Vumbi la lori halijatua, Mama alishalinyakua lile shati alitie kwenye beseni. Bibi, mama mzaa baba, akamshika mkono. Sisi ni watu wa Maniema, wazee wetu walifika Goma kwa biashara, na kwa watu wetu nguo ya msafiri haifuliwi mpaka arudi. Jasho lake ndilo linalomvuta nyumbani. Ukilitoa, umemkatia njia. "Muache," Bibi akasema. "Mutu akiwa mu njia, nguo yake haifuliwe. Siku atafika, utaifua wewe mwenyewe." Mama alikuwa mtu wa usafi wa kukera, uchafu ulimwasha mwilini kama upupu, lakini alilirudisha shati kwenye msumari. Bibi hakuwa mtu wa kubishiwa. Ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike wa Kiislamu mtaani kwetu, na alikuwa na ndoo yake, kata yake, na kikopo cha karafuu maiti kilichokaa juu ya kabati, vitu ambavyo hatukuruhusiwa hata kuvigusa. Watoto wengine walijua harufu ya peremende. Mimi nilijua ya karafuu maiti. Bibi akirudi ananukia hivyo, sikuhitaji kuuliza kama kuna nyumba yenye msiba.

Siku aliyotakiwa kurudi ikapita. Ikapita na iliyofuata. Kisha maneno yakaanza kufika kabla ya watu: kwamba kuna mapigano huko juu, kwamba barabara imefungwa, kwamba kule Rumangabo, katikati ya njia, magari yote yamesimamishwa, la, yamerudishwa, la, hakuna ajuaye. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Baadaye watu wenyewe wakaja, wamebeba magodoro na masufuria vichwani, wakajazana Kanyaruchinya, nje kidogo ya mji, chini ya mahema, na wengine wakashuka hadi mjini kuomba kazi ya kufua. Mama aliwauliza kila mmoja wao kama ameona lori lenye kichwa cha kijani. Walimtazama kwa huruma, na mimi niliichukia ile huruma yao kuliko kitu chochote.

Katoni ya mwisho ikaisha. Sabuni ya dukani, ile iliyobaki na ile iliyopitia Gisenyi, upande wa Rwanda, bei yake ilikuwa imeruka hadi watu waliitazama tu wakapita. Ndipo mwanamke mmoja wa Masisi, aliyekuwa akituuzia makala, makaa ya kupikia, akamfundisha Mama kupika. Unapasha mawese mpaka yabadilike rangi, unayaacha yapoe. Pembeni unamimina soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, ndani ya maji, na ole wako ukigeuza, ukamwagia maji juu ya soda, maana itakurukia usoni. Maji yale hayana moto chini yake lakini yanachemka yenyewe, yanatoa mvuke unaokata pumzi. Mimi niliyaogopa kweli. Halafu unachanganya na kukoroga upande mmoja tu, bila kupumzika, mpaka yawe mazito kama uji wa mgonjwa, unamimina kwenye sanduku la mbao, unafunika na gunia. Ikishaganda unaikata kwa waya, na kabla ya kuitumia unaigusisha ulimini. Ikikuuma, bado. Mama aliigusisha ulimini mwake yeye, kamwe si mwangu. Sabuni ya kwanza ilitoka ya manjano, ngumu, yenye povu la kutosha, na majirani wakapiga vigelegele. "Ni ya kungojea tu," Mama akawaambia. "Papa Zaina akirudi naachana nayo."

Basi tukangojea. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, ndivyo Mama alivyosema kila alipowasha moto, na mwanzoni alikuwa anasema kwa furaha. Lakini soda nayo ilikuwa ikija kwa barabara ileile. Ilipoadimika aliipunguza, na sabuni ikatoka laini, ya kuteleza, inayoacha mafuta kwenye nguo. Ilipokosekana kabisa akaanza kuchuja majivu ya maganda ya ndizi, akayachemsha maji yake mpaka yakakaza, akayachanganya na mawese, akatupatia rojo ya kahawia tuliyoichota kwa kijiko. Ilifua, sikatai. Ilifua na ngozi pia. Viganja vya Mama vilipasuka, akavipaka mawese usiku na kuvifunga vitambaa, asubuhi akarudi kwenye beseni. Alifua mapazia, akafua magunia, akafua nguo ambazo hakuna aliyezivaa. Kila wiki tulikuwa na sabuni mbaya zaidi na nguo safi zaidi, na nyuma ya mlango kilibaki kitu kimoja kichafu katika nyumba nzima.

Nilikuwa nikiingia pale nyuma ya mlango na kulinusa. Mazutu, jasho, na kwa mbali maganda ya machungwa aliyopenda kula akiendesha. Mara moja nilimkuta Mama amesimama hapohapo, uso umezama kwenye kola, nikarudi kinyumenyume asinione. Bibi naye alikuwa akipita na kuligusa mkono, kama unavyomgusa mtu aliyelala kuona kama ana homa, na kusema peke yake, "Kawia ufike, mwanangu. Kawia ufike." Nakwambia, sisi wanawake watatu tulilitunza lile shati kuliko tulivyotunza chakula.

Papa Shabani alikuja siku ambayo Mama alikuwa amekwenda ziwani kuteka maji. Alikuwa dereva mwenzake Papa, mtu wa kelele na mizaha, ambaye zamani akiingia kwetu hata kuku walijua. Siku hiyo aliingia bila kupiga hodi, amekonda, viatu vyake vimefungwa kwa kamba. Bibi akampa chai. Mimi nilikuwa nje ya dirisha nikichambua majivu, na hakuna aliyenifukuza. Alisema ametoka kwa miguu, kwa njia za mashambani. Alisema amelipita lori la Papa kando ya barabara, upande huu wa Rumangabo, limeungua lote, hakuna mtu ndani. "Hakuna mutu ndani," Bibi akarudia. "Hakuna, mama. Hata kiatu. Nimetafuta." Nikasikia kikombe kikirudishwa kwenye sahani. Papa Shabani alitoka bila kumaliza chai, akapita mbele yangu, akaniwekea mkono kichwani, na hakunitania.

Mama aliporudi na bidoni lake la maji, Bibi hakumwambia neno. Alipika, alikula, aliswali. Nilidhani labda nimesikia vibaya, na niliomba kwa nguvu zangu zote iwe hivyo. Kesho yake, Mama akiwa nyuma ya nyumba anakoroga majivu, Bibi akaenda nyuma ya mlango, akalitoa shati kwenye msumari. Hakuchukua beseni la kufulia. Alichukua ndoo yake, ile ya kazi yake. Akatandika mkeka mpya juu ya mawe meusi ya volkano ya uani, akalilaza shati kifudifudi, akaona sivyo, akaligeuza chali. Akafunga kanga kiunoni na kusema bismillahi.

Alianza na mkono wa kulia. Alimwagia maji kwa kata, akapaka ile rojo yetu ya kahawia kwa vidole, taratibu, kutoka begani hadi kwenye kifungo cha mwisho. Kisha kushoto. Kisha kifua, lilipokuwa doa la mazutu. Akasuuza, akaanza tena kulia. Nilikuwa nimeshamsikia akiwafundisha wanawake wengine kazi yake, kwa hiyo nilijua anachokifanya. Mwanamume huoshwa na wanaume. Hata kama Papa angeletwa nyumbani, Bibi asingeruhusiwa kumwosha mtoto wake mwenyewe. Alipata shati. Katika maji ya mwisho akafungua kikopo.

Ni harufu iliyomleta Mama. Alikuja mbio kutoka nyuma ya nyumba, mwiko mkononi, akisema, "Mama, nani amekufa? Nani amekuita?" Halafu akaona. Bibi hakuinua uso. "Hakuna mutu. Ninafua shati."

"Na karafuu maiti ni ya nini?" Bibi akamwagia kata nyingine ya maji. Mama akapiga kelele ambayo sijaisikia tena maishani mwangu: "Ulisema haifuliwe mupaka arudi! Amerudi? Niambie basi, Mama, amerudi wapi?"

"Amerudi kwa Mwenye kumuumba," Bibi akasema, na ndipo akalia, na ndipo akasema habari ya lori. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Lori ni chuma. Chuma kinaungua. Mutu anatembea." Akainama, akalinyanyua shati likichuruzika, akaingia nalo ndani, akalitundika palepale kwenye msumari. Lilidondosha maji juu ya sakafu mchana kutwa, na hakuna aliyethubutu kuleta tambara. Lilipokauka nikaenda kulinusa. Papa hakuwamo tena.

Mama hakukaa eda. Wazee wa msikitini walikuja kumwelekeza, akawapa chai na kuwaambia kwamba mumewe yuko safarini. Yeye na Bibi waliishi nyumba moja miaka mingi baada ya hapo, wakapikiana, wakauguzana, na Mama hakuliachilia lile jambo la shati hata siku moja. Barabara ilifunguliwa. Katoni za sabuni zikarudi madukani, bei ikashuka, watu wakasahau majivu. Bibi alipofariki, ni Mama aliyesaidia kumwosha, na nilimwona akianza upande wa kulia kwa mikono ile yenye makovu, kwa upole mkubwa. Ndoo na kikopo vikabaki kwangu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyevitaka.

Mimi nami nimeolewa na dereva. Mama alinionya, nami ni mkaidi kama yeye. Leo barabara imefungwa tena, sabuni imepanda tena, Kanyaruchinya imejaa watu tena, na mume wangu aliondoka kabla ya haya yote, akaacha shati lake la mistari juu ya kiti. Nimepika sabuni yangu. Soda bado naipata; ni nzuri, ya manjano, inaganda. Zamani nilidhani niliyoyaona utotoni ni kitu kilichotupata mara moja kikaisha. Kumbe ni msimu, kama ule wa mvua, na mtu mzima hana ujanja zaidi juu yake kuliko mtoto, ila tu mtu mzima anajua kinachofuata.

Jana binti yangu Aziza alileta lile shati kwenye beseni, anataka kunisaidia. Nikamwambia alirudishe. Akauliza mpaka lini. Mama, ambaye siku hizi anaishi kwangu na alikuwa amekaa kwenye kigoda akikata vipande vya sabuni kwa waya, akaacha kukata. "Kile kikopo cha bibi yako kiko wapi?" akaniuliza. Nikamwambia kiko sandukuni. "Kilete." Nikakileta, nailoni bado imekazwa mdomoni. Hakukifungua kunusa. Alikitumbukiza chote kwenye makala, chini ya sufuria ya mawese, kisiwemo tena ndani ya nyumba yangu.

Nailoni ikayeyuka, mfuniko ukaruka, moshi mweupe ukapanda. Harufu ikajaa uani, ikaingia ndani, ikakaa kwenye mapazia na kwenye lile shati juu ya kiti. Haikupita muda jirani akainua kichwa juu ya ukuta wa mawe, kanga ameshaishika mkononi tayari kujifunga.

"Mama Aziza," akaniita, "nani amekufa?"

"Hakuna mutu," nikamjibu. "Tunapika sabuni."