Furu wa Jiwe la Wazazi

Kitabu cha baiolojia ninachofundishia kina picha ya midomo ya ndege, kwenye somo la jinsi viumbe wanavyobadilika. Ni ndege wa kisiwa kimoja kilicho katika bahari ambayo mimi sitaiona, na wanafunzi wangu pia hawataiona. Kila mwaka tukifika ukurasa ule hasira zinanipanda hadi navunja chaki. Kwa nini twende mbali hivyo? Kisiwa nilikozaliwa kiko saa moja tu kwa boti ya injini kutoka hapa Musoma. Huko kila jiwe lina furu wake, na mama yangu, ambaye hakumaliza hata darasa la nne, angeweza kuwafundisha somo lile bila kitabu.

Furu, kwa asiyemjua, ni samaki mdogo wa ziwa letu, urefu wa kidole, mwenye miba mgongoni. Kwenye daftari za ofisi ya uvuvi wanamwandika “samaki wengineo”. Hilo nalo linaniudhi. Furu dume wa jiwe la mashariki ana tumbo jeusi na mkia wa njano. Ukivuka maji ya kina, kiasi cha kumaliza wimbo mmoja wa kanisani ukiwa unapiga kasia, unafika jiwe la pili, na huko dume ana kifua chekundu na midomo minene. Wa kwanza anakwangua ukungu wa kijani juu ya mawe, wa pili anang’oa konokono. Hawavuki maji ya kina kwa sababu huko kuna wa kuwala. Basi kila ukoo ulibaki kwenye jiwe lake, vizazi kwa vizazi, ukabadilika kivyake.

“Hawa na wale hawaoanagi,” mama aliniambia nilipokuwa mdogo. “Kila mmoja ana kwao.”

Mimi nilikwenda chuo miaka mitatu ndipo nikaelezwa jambo hilohilo, kwa maneno marefu zaidi.

Zamani furu walikuwa wengi hata wakakaushwa na kupelekwa Bunda, ambako wakulima wa pamba wa Guta waliwabadilisha kwa mtama. Halafu ziwani akaletwa sangara, akawafagia. Waliobaki ni wale wa kwenye nyufa za mawe. Na katika mawe yote ya kwetu, lililobaki limejaa lilikuwa moja, lile la vifua vyekundu. Tuliliita Jiwe la Wazazi.

Lilijaa kwa sababu lilikuwa na sheria. Mwanamume haruhusiwi kuvua pale, hata awe na njaa namna gani. Mwanamke anakwenda kwa mambo mawili tu: nyumbani kuna mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, au kuna mtoto mwenye surua. Anaburuta kikapu kati ya mawe, anachukua wa sufuria moja, anaondoka. Furu jike hulelea mayai na watoto wake mdomoni. Ukimpata mwenye mashavu yaliyovimba, unamwachia palepale kabla hajatema. “Huyu naye ni mzazi,” mama alikuwa akisema, na mkono wake ulikuwa umeshafunguka.

Hakuna aliyeiita hifadhi. Hakukuwa na kibao wala semina yenye soda.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilikuwa Butiama, kwa wazazi wa mume wangu, watu wa ng’ombe. Mama alivuka ziwa, akapanda gari, akafika na kopo la furu waliobanikwa. Mama mkwe wangu alifunua kopo akachungulia.

“Mkwe, hawa tunakulaga au tunachokolea meno?”

Mama alicheka hadi akakaa chini. Kisha akawachemsha na chumvi tu, akanisimamia nikanywa bakuli zima. Maziwa yalitoka. Kama ni ule mchuzi au ni kumwona mama, sijui, na siku hizo sikuona sababu ya kuuliza.

Miaka michache iliyopita surua iliingia kisiwani. Nilikuwa huko kwa likizo. Muuguzi alikuja na boksi la barafu lenye chanjo, akakaa kwenye benchi la zahanati kuanzia asubuhi, na kina mama hawakutokea. Walikuwa jiweni na vikapu. Mtoto wa jirani yetu alikuwa amelala ndani, macho yameziba, anahema kwa shida, na mama yake alikuwa anapuliza moto chini ya sufuria ya furu.

Nililipuka. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikawakusanya mbele ya zahanati. Nikawaambia furu hatibu surua. Nikasema: “Hatibu chochote! Ni samaki tu!” Nikasema anayekwenda jiweni badala ya kuleta mtoto hapa anamuua mtoto wake kwa mkono wake mwenyewe. Mama yangu alikuwa amesimama mstari wa mbele. Aliangalia chini.

Walinisikia. Watoto walichanjwa wote, na yule wa jirani akapelekwa hospitali akapona. Sijutii hilo hata kidogo. Nikirudishwa siku ile nitapiga kelele vilevile kuhusu chanjo. Ninachojutia ni maneno mawili, hatibu chochote, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokumbukwa.

Desemba iliyopita nilishuka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, na mizigo yangu ya likizo. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anapanga migonzo, ile kamba ndefu yenye ndoano nyingi ya kuvulia sangara. Kando yake kulikuwa na ndoo ya bluu. Sangara hapendi chambo kilichokufa, na furu ana roho ngumu, anaweza kukaa kwenye ndoano akitapatapa kwa saa nyingi. Nilichungulia ndani ya ndoo. Vifua vyekundu. Na katikati yao, jike mmoja mwenye mashavu yaliyovimba.

“Hawa umewatoa wapi?”

“Kule kwa Wazazi. Si ndiyo wamebakiaga kule tu, dada.”

“Hujui kule ni mwiko?”

“Mwiko wa nini tena?” Hakuwa na ubishi, alikuwa anashangaa kweli. “Wewe mwenyewe ulisimama ukasema hawatibu kitu. Tulikusikia wote, ticha.”

Nilimtukana. Nilimtukana mbele ya wavuvi wenzake, mimi mtu mzima, mwalimu, matusi ambayo nikimsikia nayo mwanafunzi namrudisha nyumbani akamlete mzazi. Nilikasirika kwa sababu samaki aliyeletwa alishawala ndugu zao wote, na sasa hawa wa mwisho tunamtungia kwenye ndoano tumpelekee wenyewe. Zaidi nilikasirika kwa sababu maneno aliyonirudishia yalikuwa yangu mwenyewe. Nikatia mkono kwenye ndoo, nikamkamata yule jike, nikamtupa majini palepale mwaloni.

Mama alikuwa amekuja kunipokea. Alitazama maji.

“Umemtupa bure,” alisema. “Hapo si kwao. Hapo ataliwa sasa hivi.”

Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili akiandika kosa kama lile namkata alama zote. Nilisimama na mkono wangu unachuruzika maji, nikaona aibu imeingia juu ya hasira.

Mdogo wangu alinisukumia ndoo kwa mguu, apate amani. Mama na mimi tulichukua mtumbwi tukapiga kasia hadi jiweni. Nilipokuwa msichana, ukichungulia pale ulikuwa huoni mwamba kwa wingi wa samaki. Sasa mwamba wote ulionekana, na konokono wamejipanga juu yake hawana wa kuwang’oa. Tulilaza ndoo taratibu. Furu wakatoka mmojammoja, wakaingia kwenye nyufa.

Jumapili baada ya ibada nilimwomba mwenyekiti wa kijiji anipe dakika kumi nizungumze na watu. Asubuhi ile nilikuwa nimemwambia mama mpango wangu: niseme jiwe lina laana, kwamba mwanamume anayevua pale atakosa watoto. Wangeamini, nina hakika.

“Usiwadanganye,” mama alisema. “Siku ile walikuamini kwa sababu ulisema kweli.”

Basi nikasema kweli. Niliwaeleza jinsi samaki wale walivyokuja kuwa walivyo, pale pale, kwenye jiwe lile. Niliwaambia mimi nimepita mawe yote ya visiwa vya jirani na sijamwona mwingine wa aina ile. Niliwaambia wakiisha hapa, hakuna pa kwenda kuwachukua tena. Nilisema vizuri. Sijawahi kufundisha vizuri namna ile.

Mwanamke mmoja akainua mkono, mtoto mgongoni. Ni yule jirani yetu, ambaye mwanawe alipona surua.

“Ticha, tumekuelewa,” alisema kwa heshima zote. “Sasa huyo furu anatibu nini?”

Hakuwa ananikejeli. Mimi ndiye niliyemfundisha kuuliza hivyo.

Mama akainuka kwenye benchi, akajishika magoti.

“Hatibu kitu,” alisema. “Na mimi hapa nimezeeka, sitibu kitu. Mbona mnaniachaga niishi?”

Watu walicheka, wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema jambo ni zito, litajadiliwa kikao kijacho. Mdogo wangu naye alipiga makofi, nilimwona. Mama peke yake ndiye hakucheka, na mimi nikajua alikuwa anauliza kweli na alitaka ajibiwe.

Jumatatu asubuhi nilipanda boti ya kurudi Musoma. Tulipita karibu na Jiwe la Wazazi. Mitumbwi mitatu ilikuwa imetia nanga pale, na mmoja ulikuwa wa mdogo wangu, ndoo ya bluu ikiwa mbele yake. Aliniona, akanipungia mkono wa kwaheri kama ndugu. Sikumwitikia.