Kiumbe wa Kidato cha Tatu

Mwaka wangu wa saba wa ualimu nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa. Nilifundisha fasihi ya Kiingereza katika shule ya sekondari iliyo upande wa Terrat, nje ya mji, kwa watoto wanaoongea Kimaa au Kimeru nyumbani, Kiswahili uwanjani, na Kiingereza pale tu wanapogombezwa. Sheria ya shule ilikataza Kiswahili darasani. Kwa hiyo nilikuwa nasoma ukurasa kwa sauti, nafunga mlango, kisha naueleza upya kwa Kiswahili cha chinichini kama mtu anayesengenya. Mkuu wa shule akipita dirishani narudi kwenye Kiingereza, na watoto wanarudi kwenye usingizi.

Kitabu kilichowaamsha nilikikuta kwenye boksi la vitabu vya msaada, hakina jalada, panya wameonja pembe moja. Ilikuwa riwaya ya zamani, iliyofupishwa kwa ajili ya wanafunzi, ya kijana msomi mwenye kiu ya sifa ambaye anakusanya viungo vya wafu, anavishona, anavitia uhai, halafu kiumbe chake kikifumbua macho yeye anatimua mbio. Nilipofika hapo darasa zima la kidato cha tatu lilikuwa macho.

"Madam, sasa anamkimbia ya nini?" aliuliza mvulana mmoja wa nyuma. "Si amemtengeneza mwenyewe?"

Walibishana mpaka kengele ikalia na bado hawakutoka. Nikajiambia, hii ndiyo nafasi yangu. Nitaigeuza iwe igizo, tutaipeleka kwenye mashindano ya wilaya, na watu watajua kwamba mimi nipo. Nilikuwa nataka kwenda kusoma shahada ya pili chuoni Makumira, na mkuu alikuwa ameahidi kuniandikia barua ya mapendekezo "nikionyesha kitu". Kwa miaka saba nilikuwa sijui kitu hicho ni nini. Sasa nilikuwa nacho mkononi.

Nilijua nani atakuwa kiumbe hata kabla sijaandika sentensi ya kwanza. Kulikuwa na binti wa kidato hicho cha tatu, mrefu kuliko wavulana wote, mkimya, anayekaa kwa kujikunja ili asiwazibe wenzake ubao. Nilimwita ofisi ya walimu.

"Wewe utakuwa kiumbe," nikamwambia.

Aliangalia viatu vyake. "Madam, mimi naomba niwe yule bibi harusi wa msomi."

"Bibi harusi ana sentensi nne tu. Kiumbe anaongea kuliko wote."

"Watanicheka."

"Watakupigia makofi, utaona."

Akasema sawa. Watoto wetu wamefundishwa kusema sawa kwa mwalimu, na mimi nililichukua hilo kama hiari.

Alifanya kazi kuliko wote. Maneno ya Kiingereza yaliyomshinda aliyaandika kwenye kiganja kama yanavyotamkwa, na baada ya wiki tatu alikuwa anawasahihisha wenzake. Siku moja kwenye mazoezi, yule mvulana aliyeigiza msomi alipokimbia, binti hakuondoka jukwaani kama nilivyoandika. Alibaki amesimama, mkono ameunyoosha kuelekea mlango, hasemi kitu. Alikaa hivyo hadi tukaanza kuona aibu kumtazama. Kisha akaushusha mkono polepole na kuuangalia, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Hakuna aliyemfundisha. Nilimwambia tu, "Hapo hapo, usibadilishe."

Mashindano yalifanyika Jumamosi kwenye ukumbi wa shule moja mjini. Vazi lake tulilishona kwa magunia ya mahindi. Usoni nilimchora mishono kwa wanja, lakini ukumbi ulikuwa na joto, jasho likaanza kuiyeyusha hata kabla hatujaitwa. Nikachukua maka peni, ile nyeusi ya kuandikia maboksi.

"Hii itatoka, madam?"

"Nina spiriti kwenye mkoba. Nitakusafisha mwenyewe tukimaliza."

Nikamchora mshono mmoja kutoka kwenye paji hadi kidevuni, mwingine shavuni, mwingine shingoni. Nilikuwa najivunia hata ile michoro.

Tulishinda. Alipounyoosha ule mkono ukumbi mzima ulinyamaza, kisha watu wakasimama kupiga makofi. Afisa elimu mmoja alikuja kunishika mkono na kuniuliza nilimfundishaje binti ule ukimya. "Ni suala la kuwapa nafasi na kuwaongoza," nikajibu. Nilisikia uongo ukitoka mdomoni mwangu ukiwa umevaa tai, nikauacha upite. Kisha tukaitwa kupiga picha na kombe. Kisha soda na sambusa ofisini kwa mwenyeji wetu. Mkuu akawa anawaambia watu kwamba huyu madam wangu anaelekea Makumira, na mimi nikawa nacheka kwa adabu, natamani aendelee kusema.

Nilipotoka nje, basi la shule lilikuwa limeshaondoka na watoto. Nilirudi nyumbani kwangu Sekei. Nilipokuwa natafuta funguo kwenye mkoba vidole vyangu vikagusa chupa ya spiriti. Nilisimama nayo mlangoni. Sikuwa na namba ya simu ya kwao. Nikajisemea, ataoga, itatoka. Nikaingia ndani, nikapika chai.

Jumatatu alikuja paredi ngozi ya uso imechubuka. Alikuwa amejisugua kwa jiwe la kusugulia miguu, na bado mistari ilionekana, imekuwa ya kijani kama jeraha linalopona. Mkuu alilinyanyua kombe juu na kuita kwa furaha, "Kiumbe wetu yuko wapi? Kiumbe, pita mbele!" Shule nzima ikaangua kicheko. Binti akapita mbele. Na mimi, niliyesimama mstari wa walimu, nilicheka pia. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba sikucheka. Nilicheka.

Tangu siku ile hakuwa na jina jingine. Kiumbe, lete daftari. Kiumbe, sogea tuone ubao. Wa kidato cha kwanza, waliozoea kumwamkia, wakawa wanamkimbia makusudi wakipiga kelele akitokea kwenye kona ya bwalo. Hata walimu walilitumia. Siku moja nikiwa na haraka, nami niliita, "Kiumbe, kusanya hayo madaftari." Akayakusanya.

Baada ya wiki mbili alinifuata nje ya ofisi.

"Shikamoo madam."

"Marahaba."

"Madam, naomba uwaambie waache."

Ningeweza kuwaambia siku ileile. Kilichonizuia ni kwamba mashindano ya mkoa yalikuwa karibu, na kundi lilikuwa na ari, na niliogopa kulivuruga. "Ukiwapuuza wataacha wenyewe," nilimjibu. "Tukimaliza mkoa nitaongea nao." Alinitazama kidogo, akaitikia sawa, akaenda zake.

Wiki iliyofuata hakuonekana. Wala iliyofuata. Nilimwambia mkuu, akajibu kwamba wazazi wa upande ule ndivyo walivyo, wakati wa kilimo watoto hupungua. Nilimwambia kwamba kwao si wakulima, na tena tatizo ni lile jina. Akashangaa kweli kweli. "Lile ni jina la sifa, madam! Mimi ningefurahi." Mwalimu mwenzangu wa meza ya pili akadakia kwamba yeye shuleni aliitwa Kichuguu na hakufa. Nilirudi kwenye kiti changu nikasahihisha madaftari kwa kalamu iliyokuwa inatoboa karatasi.

Siku ya tatu baada ya hapo mama yake alikuja. Alikuwa mrefu kama binti, amejifunga shuka begani, na alikuwa ametembea. Alikataa kiti.

"Mwalimu, mtoto wangu alirudi nyumbani ameandikwa uso. Nimekuja kuuliza aliyemwandika."

"Ni mimi, mama."

"Ukamwacha aje hivyo njiani?"

"Nilikuwa nimepanga kumsafisha. Nilisahau."

"Naye amesema hivyo. Kila nikiuliza anakutetea, anasema madam alisahau." Aliongea taratibu, akitafuta maneno ya Kiswahili na kuyapanga. "Mdogo wake alilia, akakataa kulala naye. Mimi nikasema haya, wino utatoka. Sasa umetoka, na bado shule hataki. Mimi sikusoma, mwalimu. Niambie wewe uliyesoma. Mtu anamsahauje mtoto?"

Nilisema pole, nikasema nitalishughulikia, maneno ya ofisini. Akatikisa kichwa, akaondoka.

Nilienda moja kwa moja kwa mkuu. Nilimtaka apige marufuku lile jina kwenye paredi, na tujitoe mashindanoni. La paredi alikubali, "nikipata nafasi". Kujitoa alikataa. "Tafuta mwingine mrefu," akasema. Mezani kwake, chini ya kizuio cha karatasi, niliiona barua yangu imeshachapwa. Sehemu ya saini ilikuwa wazi. Hakuitaja, wala hakuhitaji kuitaja. Nilitoka nikiwa na hasira ambayo ingetosha kuvunja mlango, halafu nikaenda kumfundisha mvulana mmoja mrefu nafasi ya binti yule. Nilitumia siku nne. Nilimwonyesha hata jinsi ya kuunyoosha mkono.

Mkoani hatukupata chochote. Mvulana aliyakimbiza maneno, na mkono wake ulikuwa kama wa mtu anayesimamisha bodaboda. Tuliporudi, ndipo niliposimama mbele ya kidato cha tatu kuwakemea juu ya lile jina. Niliongea kwa Kiswahili, mlango wazi, sikujali nani anasikia. Niliwaambia waliona mtu anafanyiwa ubaya wakacheka. Walitazama madawati. Kisha msichana mmoja akanyoosha mkono, akasema kwa heshima kabisa, "Lakini madam, na wewe ulikuwa unamwita hivyo."

Hakurudi. Alihamishiwa kwa mama yake mdogo Usa River, akaingia shule ya huko. Barua yangu ikasainiwa, nikapokelewa Makumira, chuo kilicho hukohuko Usa River, na kila wiki nikawa napita palepale anapoishi. Nilivumilia miezi miwili. Jumamosi moja asubuhi, baada ya kuulizauliza, nilifika. Mama mdogo alinikaribisha vizuri, akamwita binti kutoka nyuma ya nyumba. Alikuja mikono ina povu la sabuni.

"Shikamoo madam."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia kila kitu kwa mpangilio: wino, paredi, lile nililomjibu alipoomba nimsaidie. Nilimwambia hata kwamba afisa elimu alinisifia ule ukimya wake na mimi nikaupokea kama wangu. Hilo hakuwa analijua. Aliinua macho mara moja, akayashusha.

"Sawa, madam."

"Umenisamehe?"

"Madam, nina nguo naanika."

Akarudi nyuma. Nilisikia akikung'uta shuka, moja baada ya nyingine. Mama mdogo aliniletea chai ya maziwa na nikainywa kwa sababu kuikataa kungekuwa utovu wa adabu. Kila funda lilishuka na hasira. Nilimkasirikia mkuu, na yule mwalimu wa Kichuguu, na shule inayopenda makombe kuliko watoto. Na, niseme ukweli, nilimkasirikia binti mwenyewe, kwa kuwa nilikuja na toba yangu yote na yeye hakunipa hata tusi la kuondoka nalo.

Makumira niliandika insha ndefu kuhusu tamaa na wajibu katika riwaya ileile. Mhadhiri aliisoma mbele ya wenzangu na kusema inaonekana nimeishi na kitabu hiki. Wakanipigia makofi. Nilitamani sakafu ipasuke. Leo mimi ndiye mkuu wa idara ya lugha, shule ileile. Wanafunzi wakiomba igizo nawaachia wachague nafasi zao wenyewe, na siondoki mpaka wa mwisho amepanda gari la kwao. Walimu vijana wananicheka kwamba nimekuwa mlinzi. Lakini hilo ni la watoto hawa. Yule halimfikii.

Mama yake nilikutana naye mwaka jana sokoni. Nilimtambua kwa urefu kabla hajageuka. Alinisalimia vizuri tu, hana kinyongo usoni. Akanieleza kwamba binti hajambo, yuko Singida anasomea uuguzi, likizo huwa anakuja. Kisha akasema mvua zimechelewa, akaendelea kuchagua nyanya, akizibinya moja moja kwa kidole gumba. Nilisimama pale na kikapu changu, muuzaji ananiuliza ninataka nini, na mimi nikingoja yule mama aniulize kitu, chochote kile. Alijaza mfuko wake, akaniaga, akaenda.